Kiingereza kwa Wimbo: Kikundi Chako Kinaweza Kujifunza Sarufi Pamoja



Katika toleo hili tutaongea juu ya jambo ambalo vikundi vingi vimeniuliza nikiwatembelea. Mnasema, "Mwalimu, sisi tumezeeka, Kiingereza kitaingia wapi?" Jibu langu ni kwamba kinaweza kuingia kwa mlango ule ule ambao nyimbo za mwethya ziliingilia. Lakini kwanza wacha nianze na kosa langu mwenyewe.

Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Kitui kilipata oda ya vyondo 60 kutoka kwa mnunuzi wa Nairobi. Katibu, msichana aliyemaliza kidato cha nne, alitaka kumwandikia kwamba Ijumaa watatuma vyondo hivyo. Aliandika hivi: "We sent 60 baskets on Friday." Barua hiyo ilipita mikononi mwangu. Matatu ilikuwa inapiga honi, nikaisoma haraka haraka, nikasema iko sawa, nikaondoka.

Haikuwa sawa. Alichoandika katibu maana yake ni kwamba vyondo vilishatumwa Ijumaa iliyopita. Mnunuzi alienda kwenye ofisi ya basi mara mbili, hakukuta kitu. Akaona ametapeliwa, akapeleka oda kwa watu wengine. Vyondo 60 vilikaa kwa nyumba ya mwekahazina mpaka Krismasi, vingine vikauzwa sokoni kwa bei ya kutupa. Akina mama wawili waliokuwa wanategemea pesa hizo kwa karo waliuza mbuzi.

Yote hayo kwa sababu ya neno moja. "We will send" ni tutatuma. "We sent" ni tulituma. Kwa sikio ni tofauti ndogo kama punje ya wimbi, lakini iliangusha kazi ya miezi mitatu.

KWA NINI KIINGEREZA, NA KISWAHILI TUNACHO?

Hili ni swali zuri. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena Kiswahili na Kiingereza zote mbili ni lugha rasmi. Kwa hivyo mnayo haki ya kuandika barua ya ofisi kwa Kiswahili. Msione haya. Mtu asiwaambie ati Kiswahili ni lugha ya sokoni tu.

Lakini tuseme ukweli. Mnunuzi wa vyondo kutoka ng'ambo anaandika Kiingereza. Karatasi za kuomba msaada kwa wafadhili nyingi ni za Kiingereza. Maandishi kwenye chupa ya dawa ya ndengu mara nyingi ni Kiingereza, na hapo neno dogo kama "not", yaani usifanye, linaweza kuokoa mtoto. Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kikundi kinatakiwa kusajiliwa kikiwa na katiba yake, na vikundi vingi ninavyovijua vimeandikiwa katiba hiyo kwa Kiingereza. Wanachama wanaweka sahihi kwenye kitu ambacho hawakijui.

Kuna hatari nyingine ambayo hatuiongelei sana. Katika vikundi vingi Kiingereza ni cha mtu mmoja, na kwa kawaida ni katibu. Barua ikija, anasoma yeye. Ikijibiwa, anajibu yeye. Siku akiolewa au akipata kazi Nairobi, kikundi kinabaki bubu. Na hata akiwapo, nani atamsahihisha akikosea? Katibu wetu wa vyondo hakuwa mwizi wala mvivu. Alikuwa peke yake tu.

Ndiyo sababu napenda njia ya wimbo. Mtu akijifunza kutoka kitabu, anajifunza peke yake. Wimbo ni wa wote, na aliyemaliza shule na yule asiyejua kusoma wanaingia kwa mlango mmoja.

KIINGEREZA KINATUSUMBUA WAPI?

Kabla ya kuimba, ni vizuri tujue ugonjwa tunaotibu. Nimeona mambo manne.

La kwanza. Sisi tunafunga kichwa cha neno, Kiingereza mara nyingi kinafunga mkia. Katika Kiswahili tunasema ninalima, analima, wanalima, mwanzo unabadilika. Kikamba pia ni hivyo. Kiingereza kinasema "I dig", "they dig", lakini akiwa mmoja wa kusimuliwa ni "she digs", na hiyo "s" inawekwa mwishoni. Masikio yetu yamezoea kusikiliza mwanzo wa neno. Mkia unatupita.

La pili. Maneno yetu karibu yote yanaisha kwa irabu. Ndiyo maana tukikutana na "send" na "sent" tunaongeza "i", na "sent" inakuwa senti. Akina mama wa kikundi kimoja walicheka sana waliposikia kwamba tulituma na senti zinafanana. Lakini ndani ya kicheko hicho kuna shida kubwa. Mara nyingi wakati uliopita wa Kiingereza unajificha kwenye konsonanti ya mwisho, mahali ambapo ulimi wetu unataka kuweka irabu.

La tatu. Katika Kiswahili kila silabi inapata nafasi yake. Mzungumzaji wa Kiingereza anakanyaga maneno mazito na kumeza yale madogo. Maneno kama "will", "is", "have" na "to" anayasema kama mtu anayeruka mtaro. Hatuyasikii, basi tukiandika tunayaacha. Na mara nyingi hayo madogo ndiyo yanayobeba maana ya lini na nani.

La nne. Yeye wa Kiswahili ni mwanamume au mwanamke. Kikamba nacho hakitenganishi. Kiingereza kinatenganisha, "he" kwa mwanamume na "she" kwa mwanamke. Nimesikia watu waliosoma wakimwita chifu "she" mbele yake.

Mambo haya manne yanahusu sikio na ulimi kabla hayajahusu kalamu, na wimbo unafanya kazi hapo hapo kwenye sikio na ulimi.

KWA NINI WIMBO UNASAIDIA?

Nyinyi mnajua jibu kuliko mimi. Mkichimba matuta au mkibeba mawe ya bwawa la mchanga, ngui anatoa neno na wengine mnaitikia. Hakuna aliyepewa karatasi. Mara ya tatu kila mtu anaimba, na mwaka ujao bado mnaukumbuka. Ngui akibadilisha neno moja, labda jina la kijiji au jina la mgeni, wimbo haukatiki. Kushika mpangilio na kubadilisha neno moja ndiyo sarufi yenyewe. Sarufi ni mpangilio unaokaa, na maneno yanayoingia na kutoka.

Wala si jambo geni kwa Kanisa. Karibu mwaka 393, huko Hippo kaskazini mwa Afrika, Mtakatifu Augustino alikuwa bado padre. Alitaka watu wa kawaida, wale wasiosoma, waelewe ugomvi uliokuwapo kati ya Kanisa na kundi la Wadonati. Alitunga zaburi ya kuimbwa yenye kiitikio, na beti zake akazipanga kwa kufuata herufi za alfabeti. Mwenyewe alieleza kwamba alitaka jambo hilo likae kwenye kumbukumbu za watu wa chini. Kama mwalimu mkubwa namna hiyo hakuona aibu kufundisha kwa wimbo, sisi ni nani?

Hapa Kenya pia njia hii ilijaribiwa. Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa msaada wa serikali ya Marekani, ilifundisha Kiingereza kwa redio katika shule za msingi za mashambani, darasa la kwanza mpaka la tatu. Kila siku ya shule kulikuwa na kipindi cha nusu saa. Redio ilisema jambo, ikanyamaza kidogo, watoto wakaitikia kwa sauti. Nyimbo na michezo zilikuwa sehemu ya somo. Walipopimwa, watoto hao walifanya vizuri zaidi katika kusikiliza kuliko wenzao wasiopata kipindi. Mtaona ni ule ule mpango wa ngui na waitikiaji.

Kwa upande wa watu wazima, watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, walitoa matokeo yao mwaka 2014. Waliwachukua watu wazima 60 wakawafundisha maneno mafupi ya Kihungaria, lugha wasiyoijua kabisa. Wengine walirudia kwa kusema tu, wengine kwa kusema kwa mdundo, wengine kwa kuimba. Baadaye walioimba ndio waliokumbuka na kuyatamka vizuri zaidi. Utafiti huo ulipima maneno mafupi, haukupima sarufi yote. Lakini ukiweka sarufi ndani ya maneno mafupi, umeiweka mahali ambapo wimbo unafika.

LAKINI MKUMBUKE KILATINI

Hapa nataka tuwe waangalifu. Wazee wetu waliobatizwa kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao mwaka 1963 ulifungua njia ya kutumia lugha za watu katika liturujia, waliimba Kilatini. Muulize mzee mwenye miaka themanini na kitu akuimbie Gloria ya zamani. Ataimba mpaka mwisho bila kukosea. Sasa mwambie aombe chumvi kwa Kilatini.

Wimbo unahifadhi kila kitu, hata kile usichokielewa. Kikundi kinaweza kuimba Kiingereza mwaka mzima na wageni wakapiga makofi, na bado wanachama wasiweze kuandika risiti. Kwa hivyo kazi ya wimbo ni kuweka akiba. Ni lazima akiba itolewe nje ya wimbo na kutumiwa. Ukisahau haya yote niliyoandika, shika hilo moja.

HATUA SABA ZA KUFUATA

Dakika kumi na tano au ishirini zinatosha, kabla ya kuanza mkutano wa kila wiki. Msingoje ubao wala umeme.

1. Chagueni sentensi moja kutoka kazi yenu. Msichukue ya kitabuni kuhusu paka kwenye mkeka. Ulizeni: wiki hii tunahitaji kumwambia nani jambo gani? Tutatuma vyondo. Tulilipa. Hatujapokea.

2. Sentensi ikaguliwe na anayejua kabla haijaimbwa. Awe mwalimu wa shule jirani au mwanafunzi wa sekondari aliye likizoni. Kosa lililoandikwa unaweza kulifuta kwa raba. Kosa lililoimbwa linakaa kichwani miaka.

3. Semeni maana kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Kila mtu ajue ni neno lipi linabeba jana na lipi linabeba kesho. Asiimbe mtu asichoelewa.

4. Semeni kwa makofi kabla ya kuweka sauti. Pigeni makofi kwenye maneno mazito. Mwalimu mmoja wa New York, Carolyn Graham, alitoa kitabu mwaka 1978 cha kufundisha Kiingereza kwa mdundo wa jazi, bila tuni yoyote, ila kusema kwa mapigo tu. Kwa hivyo hata kikundi kisicho na waimbaji kinaweza. Neno linaloisha kwa konsonanti, lifungeni kwa kofi: "sent", kofi, mdomo kimya. Hiyo "i" isipate nafasi ya kuingia.

5. Sasa wekeni tuni mnayoijua. Tuni ya kazi ni nzuri kwa sababu haina haraka. Chungueni kwamba yale maneno madogo yanapata noti yao wenyewe. "Will" ikipata noti yake, hakuna atakayeiacha.

6. Ngui abadilishe jambo moja tu kwa wakati. Leo abadilishe siku. Wiki ijayo abadilishe mtu. Akibadilisha mambo matatu pamoja, waitikiaji watanyamaza, na aliye nyuma ataona yeye ni mjinga, kumbe ni ngui amekimbia.

7. Zimeni wimbo. Hatua hii ndiyo vikundi vingi vinaruka. Mwenyekiti amuulize mtu mmoja mmoja kwa sauti ya kawaida, bila kufuata mpangilio wa wimbo, naye ajibu kwa kusema. Halafu katibu aandike sentensi hiyo kwenye karatasi kubwa, ibandikwe ukutani. Wimbo hauwezi kufundisha spelingi. "Brought", yaani tulileta, haiandikwi inavyosikika hata kidogo. Mwisho, sentensi hiyo itumike wiki hiyo hiyo kwenye barua, risiti au ujumbe wa simu.

NYIMBO TATU ZA KUANZIA

Nimeandika maneno tu. Tuni ni yenu.

Wa kwanza ni wa wakati. Ngui anauliza lini, nyinyi mnajibu.

Ngui: "Last week?"
Wote: "We sold two goats."
Ngui: "Every week?"
Wote: "We sell two goats."
Ngui: "Next week?"
Wote: "We will sell two goats."

Wiki iliyopita tuliuza mbuzi wawili, kila wiki tunauza, wiki ijayo tutauza. Mkishika huo, ngui abadilishe kazi na kuingiza maneno mengine: "send" na "sent", "pay" na "paid", "bring" na "brought", "buy" na "bought". Maneno haya yana vichwa vigumu, hayafuati sheria moja, na ndiyo sababu yanafaa kuimbwa. Yale yanayofuata sheria ni rahisi zaidi: "plant" inakuwa "planted", "harvest" inakuwa "harvested".

Wa pili ni wa mkia. Huu unafaa sana shambani. Anayetajwa anyooshewe mkono.

Ngui: "I dig."
Wote: "You dig, we dig, they dig!"
Ngui: "And Mama?"
Wote: "She digs!"
Ngui: "And Baba?"
Wote: "He digs!"

Kwenye "digs" jembe linaanguka chini na ile "s" inasikika. Wimbo huu unatibu magonjwa mawili pamoja, la mkia na la "he" na "she". Mwoneni ngui mjanja: atataja mama mara tatu mfululizo halafu ghafla baba, na nusu ya kikundi itasema "she". Chekeni, mrudie.

Wa tatu ni wa kuuliza na kukana. Huu mwekahazina ataupenda.

Ngui: "Did you pay?"
Wote: "Yes, we did. We paid."
Ngui: "Did he pay?"
Wote: "No. He did not pay."

Mlilipa? Ndiyo, tulilipa. Yeye je, alilipa? Hapana, hakulipa. Hapa watu wengi wanakosea wakisema "did not paid". Mimi nawaeleza hivi: ukienda kisimani na punda wawili, mtungi mmoja hauwekwi juu ya wote wawili. "Did" ndiye punda aliyeshabeba jana. Kwa hivyo "pay" anatembea mtupu. "Did" asipokuwapo, basi "paid" anabeba mwenyewe. Tangu nianze kutumia mfano huu sijaeleza mara mbili.

MAKOSA YA KUEPUKA

Msitumie nyimbo za redio kama somo la sarufi. Mwanamuziki anakunja lugha ili ilingane na mdundo wake, anaacha maneno na kugeuza mengine. Kwa kusikiliza na kufurahi ni sawa. Kwa kuandika barua ya benki, hapana.

Msitumie tenzi za zamani za Kiingereza. Zina maneno kama "thou" na "thy", ambayo watu hawaongei tena isipokuwa kwenye sala. Nimewahi kuona barua ya kikundi iliyomwandikia afisa hivyo, kama ambaye wanamwomba Mwenyezi Mungu.

Wimbo usiwe mrefu. Mistari minne inatosha mwezi mzima.

Msiwaachie vijana peke yao. Kijana anashika haraka na kuimba kwa nguvu, na mama mzee anajificha nyuma ya sauti yake. Hatua ya saba itafichua hilo, kwa hivyo msiiruke. Na mtu akikosea asichekwe yeye, tucheke lugha. Kati ya watu wazima niliowafundisha, walioacha masomo waliacha kwa aibu, hawakuacha kwa sababu akili zimeshindwa.

Kama mna simu, mmoja arekodi wimbo siku ile sauti ni nzuri na sentensi zimekaguliwa. Mwanachama anaweza kuusikiliza akisuka kiondo chake nyumbani.

NINI KILITOKEA KWA KIKUNDI CHA VYONDO?

Baada ya ile hasara nilirudi kwao kuomba msamaha. Walinisamehe, lakini mwenyekiti, mama wa miaka sitini hivi, akaniambia, "Hasara imekwisha. Sasa tufundishe ili siku nyingine tujionee wenyewe." Ndipo tulianza kuimba, dakika kumi na tano kila Jumatano chini ya mwembe. Wimbo wa wakati ulichukua majuma matano, na kwenye majuma mawili ya kwanza nilifikiri tunapoteza saa.

Mwezi wa nne katibu aliandika barua kwa mnunuzi mwingine, akaisoma kwa sauti mbele ya wote, kwa sababu sasa ndiyo sheria yao. Alipofika katikati, mama mmoja aliyeacha shule darasa la tatu aliinua mkono. Akasema, "Ngoja. 'Sent' ni ya wiki iliyopita. Vyondo si bado viko hapa ndani?" Kukawa kimya, halafu mtu akaanza kuimba, "Next week?" na wote wakaitikia. Katibu akakata neno, akaandika "will send".

Sisemi sasa wanajua Kiingereza. Bado wananiita "she" wakichangamka, na spelingi ni vita. Lakini barua hiyo ilisomwa na watu ishirini na wawili kabla ya kufungwa, na aliyeiokoa ni mtu ambaye zamani asingeulizwa maoni. Sikuwa mimi, mwenye diploma na haraka ya matatu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, ni watu wangapi wanaweza kusoma barua ya Kiingereza? Akiondoka mmoja, watabaki wangapi?

2. Je, tumewahi kupata hasara au aibu kwa sababu ya barua au karatasi tusiyoielewa? Tueleze bila kulaumu mtu.

3. Ni sentensi gani tatu za Kiingereza tunazihitaji zaidi katika kazi yetu mwezi huu?

4. Ngui wetu ni nani? Na nani hapa jirani anaweza kutukagulia sentensi kabla hatujaimba?

5. Ni barua gani tunaweza kuandika kwa Kiswahili bila wasiwasi, kwa kuwa ni haki yetu?

Anzeni na sentensi moja. Mungu awabariki katika kazi ya mikono yenu na ya midomo yenu.